Kujua ukubwa wa faili katika Visual Basic 6: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998, na Microsoft ilisitisha msaada kwa mazingira yake ya kuandikia programu tarehe 8 Aprili 2008. Hata hivyo programu zilizoandikwa nayo bado zinafunguka kwenye Windows 10 na 11, na wapo watu ambao kazi yao ni kuzitunza: leja ya chama cha akiba, stoo ya duka la dawa, kumbukumbu za mahudhurio. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao. Swali la ukubwa wa faili linaonekana dogo, lakini mafaili yanavyozidi kukua ndipo programu hizi zinapoanza kutoa majibu ya uongo kimyakimya, kwa kuwa lugha yenyewe ilitungwa enzi ambazo diski nzima ilikuwa na gigabaiti chache tu.

## Njia ya haraka kuliko zote ni ipi?

FileLen, kitendaji kilichomo ndani ya VB6 yenyewe. Unaipa njia ya faili (folda lilimo na jina lake), inakurudishia idadi ya baiti:

```
Dim n As Long
n = FileLen("C:\Leja\januari.txt")
```

Huhitaji kufungua faili, kutangaza chochote, wala kuongeza maktaba ya nje. Faili lisipokuwepo, programu inapiga kosa namba 53 (faili halikupatikana). Njia mbovu au diski ya mtandao iliyokatika inaweza kuleta namba nyingine, kama 52 au 76, kwa hiyo usiandike msimbo unaokamata 53 peke yake ukadhani umemaliza.

Kwa faili ambalo una hakika halitafika gigabaiti 2, na ambalo hakuna anayeliandika wakati huo, FileLen inatosha. Usiifumue kwenye programu inayofanya kazi kwa sababu tu umesoma kwamba kuna njia ya kisasa zaidi.

## FileLen na LOF zinatofautianaje?

FileLen inauliza kwa jina la faili. LOF inauliza kwa namba ya faili ulilokwisha kulifungua kwa Open:

```
Dim f As Integer
f = FreeFile
Open "C:\Leja\januari.txt" For Binary As #f
Debug.Print LOF(f)
Close #f
```

Tofauti hiyo ina uzito. Ukiwa umefungua faili na unaendelea kuliandika, FileLen inakupa ukubwa uliokuwepo kabla ya kufunguliwa. Ndiyo maana mtu anaandika mistari mia, anaita FileLen kabla ya Close, anapata 0, kisha anaanza kutafuta kosa kwenye Print # ambako hakuna kosa lolote. Funga faili kwanza ndipo uulize kwa jina, au uliza kwa LOF likiwa wazi.

Na tumia FreeFile kila mara. Namba 1 iliyoandikwa moja kwa moja itagongana siku moja na namba 1 ya moduli nyingine.

## LOF imenipa 0, na sasa kuna faili jipya tupu kwenye folda. Limetoka wapi?

Limeumbwa na Open. Ukifungua kwa For Binary na faili halipo, VB6 haikatai. Inalitengeneza likiwa na baiti 0. For Random, For Append na For Output nazo zinaumba. For Input ndiyo inayokataa kwa kosa namba 53.

Hili ni baya kuliko linavyoonekana. Programu iliyotakiwa kusema "faili la malipo halijafika" inasema "malipo ni sifuri", na kesho yake faili tupu linakuwa ushahidi kwamba kitu kilifika. Hakikisha faili lipo kabla ya kulifungua. Wengi hutumia Dir$ kwa kazi hiyo, nayo inafaa, ila usiiite ndani ya mzunguko ambao nao unaorodhesha mafaili kwa Dir$: mwito mpya unafuta kumbukumbu ya ule wa kwanza, na orodha inakatika au kuharibika.

## Kwa nini napata namba hasi kwa faili kubwa?

Kwa sababu Long ya VB6 ina biti 32 na inabeba alama ya hasi. Mwisho wake ni 2,147,483,647, yaani baiti moja pungufu ya gigabaiti 2. FileLen na LOF zote zinarudisha Long. Faili likizidi hapo, namba yake haiingii, na kinachobaki ni biti 32 za chini zikisomwa vibaya.

Fanya hesabu uone. Gigabaiti 3 ni baiti 3,221,225,472. Biti hizohizo zikisomwa kama Long zinakuwa -1,073,741,824. Hilo si la kutisha sana, maana alama ya hasi inakupigia kelele mwenyewe.

Cha kuogopa ni gigabaiti 5. Namba yake ni 5,368,709,120; ondoa 4,294,967,296 ambazo biti 32 haziwezi kuhesabu, na unabaki na 1,073,741,824. Gigabaiti 1 kamili, namba chanya, safi, inayoaminika kwa macho. Ni sawa na kupima gunia la mahindi kwa kibaba bila kuhesabu umejaza mara ngapi, kisha ukatangaza kile kilichobaki ndani ya kibaba cha mwisho.

Kwa hiyo ile dawa inayopatikana kila mahali, ya kuongeza 4294967296 namba ikiwa hasi, inaponya mafaili ya kati ya gigabaiti 2 na 4 tu. Zaidi ya hapo haikusaidii, na vibaya zaidi inakupa imani kwamba tatizo limekwisha. Zamani ilitosha kwenye diski za FAT32 (mpangilio wa zamani wa diski za Windows), kwa kuwa faili haliwezi kufika gigabaiti 4 humo. Kwenye NTFS, mpangilio wa kawaida wa sasa, haitoshi.

## Basi nitumie nini kwa mafaili makubwa?

Kwa wengi jibu ni FileSystemObject, iliyomo ndani ya scrrun.dll, maktaba inayokuja na Windows:

```
Function UkubwaWaFaili(ByVal njia As String) As Double
    Dim fso As Object
    Set fso = CreateObject("Scripting.FileSystemObject")
    UkubwaWaFaili = CDbl(fso.GetFile(njia).Size)
End Function
```

Size inarudi kama Variant (aina inayoweza kubeba namba ya aina yoyote), hivyo haibanwi na Long. Mimi naiweka kwenye Double, ambayo inahifadhi namba kamili bila kupoteza hata moja mpaka 9,007,199,254,740,992. Ukiandika `Dim n As Long` kisha `n = f.Size`, umelirudisha tatizo lilelile kwa mkono wako, ingawa safari hii utapata kosa namba 6 (Overflow, yaani namba haiingii) badala ya jibu la uongo, na hiyo ni afadhali.

Faida ya pili ni majina. VB6 hutunza maandishi kwa Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote) ndani, lakini FileLen, Dir$ na Open huyageuza kuwa ANSI (seti ndogo ya herufi inayofuata mpangilio wa lugha wa kompyuta) kabla ya kuyapeleka kwa Windows. Faili lenye jina la Kiarabu, kwenye kompyuta ambayo mpangilio wake wa lugha ni wa Ulaya Magharibi, linageuka kuwa alama za kuuliza na halipatikani kamwe. FileSystemObject inapokea jina kama lilivyo. Ofisi inayopokea nyaraka kutoka Muscat au Dubai italikuta jambo hili mapema.

Kasoro yake ni mwendo. Kwa faili moja huoni tofauti. Kwa makumi ya maelfu ya mafaili utaiona. Pia kuna mashine ambazo wasimamizi wamezizuia script, na huko CreateObject inaweza kugoma.

## Na kama sitaki kutegemea FileSystemObject?

Iulize Windows moja kwa moja. Njia ninayoipenda inatumia GetFileSizeEx pamoja na aina ya Currency, na inastahili maelezo, kwa sababu ukiitazama bila kuielewa utadhani mtu amekosea akachanganya fedha na mafaili.

GetFileSizeEx hujaza namba kamili ya biti 64. VB6 haina aina hiyo. Lakini Currency kwa ndani ni namba kamili ya biti 64 vilevile. VB6 huigawanya kwa 10,000 inapoionyesha ili upate sehemu nne za desimali. Ukiipokea humo kisha ukazidisha kwa 10,000, umepata baiti.

```
Private Declare Function CreateFileW Lib "kernel32" ( _
    ByVal lpFileName As Long, ByVal dwAccess As Long, _
    ByVal dwShare As Long, ByVal lpSec As Long, _
    ByVal dwCreate As Long, ByVal dwFlags As Long, _
    ByVal hTemplate As Long) As Long
Private Declare Function GetFileSizeEx Lib "kernel32" ( _
    ByVal hFile As Long, lpSize As Currency) As Long
Private Declare Function CloseHandle Lib "kernel32" ( _
    ByVal hObject As Long) As Long

Function UkubwaHalisi(ByVal njia As String) As Currency
    Dim h As Long, c As Currency
    UkubwaHalisi = -1
    h = CreateFileW(StrPtr(njia), &H80, 7, 0, 3, 0, 0)
    If h = -1 Then Exit Function
    If GetFileSizeEx(h, c) <> 0 Then UkubwaHalisi = c * 10000
    CloseHandle h
End Function
```

&H80 ni ruhusa ya kusoma sifa za faili tu, si yaliyomo. 7 inawaruhusu wengine waendelee kusoma, kuandika na hata kufuta. 3 inasema "fungua lililopo, usiumbe jipya". StrPtr inapeleka jina kwa Unicode. Ukisahau CloseHandle, programu inayozunguka siku nzima itajilimbikizia mafaili yaliyo wazi mpaka iishiwe pumzi.

Sababu kubwa ya kuipenda njia hii ni kwamba inauliza faili lenyewe. FileLen na FileSystemObject zinauliza kwa jina, na kwenye NTFS maelezo yanayopatikana kupitia folda yanaweza kuchelewa wakati programu nyingine imelishikilia faili na inaliandika. Faili la kumbukumbu linaloandikwa mchana kutwa laweza kuonekana halikui kumbe linakua. UkubwaHalisi inakwenda na hali ya sasa.

Mashine za Windows 95 na 98 hazina GetFileSizeEx. Kama bado unazihudumia, tumia FindFirstFile na ujumlishe nFileSizeHigh na nFileSizeLow mwenyewe, kwa Double.

## Programu inasimama kwa Overflow ninapobadilisha baiti kuwa megabaiti. Kwa nini?

Kuna mitego miwili, na yote inakera kwa sababu msimbo unaonekana hauna dosari.

Wa kwanza: `1024 * 1024`. VB6 huzichukulia namba hizo mbili kuwa Integer, yaani biti 16, mwisho 32,767. Jibu haliingii, kosa namba 6, hata kama kigeu cha kupokea ni Double. Andika `1024& * 1024&`, au weka 1048576 moja kwa moja.

Wa pili: alama `\` ya kugawanya bila desimali, pamoja na Mod. Zote hugeuza namba zako kuwa Long kwanza. Ukiwa na baiti 3,000,000,000 ndani ya Double na ukaandika `n \ 1024`, inaanguka kabla haijagawanya. Tumia `/` halafu Int au Format$:

```
Function Someka(ByVal b As Double) As String
    If b < 1024 Then
        Someka = Format$(b, "0") & " baiti"
    ElseIf b < 1048576# Then
        Someka = Format$(b / 1024, "0.0") & " KB"
    ElseIf b < 1073741824# Then
        Someka = Format$(b / 1048576#, "0.0") & " MB"
    Else
        Someka = Format$(b / 1073741824#, "0.00") & " GB"
    End If
End Function
```

## Namba yangu hailingani na inayoonyeshwa na Windows. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Orodha ya mafaili katika Windows hupandisha hadi kilobaiti kamili, kwa hiyo faili la baiti 10 huandikwa 1 KB. Ukifungua dirisha la sifa za faili utaona ukubwa wa aina mbili: wa yaliyomo, na wa nafasi iliyochukuliwa kwenye diski. Diski hugawa nafasi kwa vipande, na kwenye NTFS kipande cha kawaida ni baiti 4,096. Faili la baiti 5,000 hukalia vipande viwili. Njia zote tulizoziona zinarudisha ukubwa wa yaliyomo. Kwa faili lililobanwa na NTFS, kinachochukuliwa kwenye diski kinaweza kuwa kidogo kuliko yaliyomo, na GetCompressedFileSize ndiyo inayokupa namba hiyo.

Watengenezaji wa diski nao huhesabu kwa 1,000 badala ya 1,024. Ndiyo maana diski iliyoandikwa GB 500 kwenye boksi inaonekana kama 465 ndani ya Windows.

## Je, baiti moja ni herufi moja?

Inategemea faili limehifadhiwa vipi. Chukua neno ng'ombe: herufi 7 ukihesabu na king'ong'o chake. Likiandikwa kwa alama iliyonyooka, ni baiti 7 kwenye ANSI na 7 kwenye UTF-8 (namna ya kuhifadhi Unicode kwenye faili). Lakini programu za kuandikia barua hugeuza alama hiyo kuwa iliyopinda, na kwenye UTF-8 alama iliyopinda peke yake hula baiti 3. Neno lilelile sasa lina baiti 9. Ndani ya VB6, Len inasema 7 na LenB inasema 14, kwa kuwa kila herufi inashikwa kwa baiti mbili.

Kwa hiyo usitumie LOF kujua barua ina herufi ngapi, wala usitumie Len kukisia faili litakuwa na ukubwa gani.

## Nasomaje faili zima kwa kutumia ukubwa wake?

Kwa safu ya baiti, na kwa Binary:

```
n = LOF(f)
If n > 0 Then
    ReDim b(0 To n - 1) As Byte
    Get #f, , b
End If
```

Hiyo `If` si pambo. Faili tupu bila hiyo linakuletea `ReDim b(0 To -1)`, na kosa namba 9 kwa mtumiaji ambaye hakufanya lolote baya. Acha pia mtindo wa kufungua For Input na kusoma `Input$(LOF(f), f)`: ikikutana na herufi namba 26 katikati ya faili, VB6 inaona mwisho umefika na kupiga kosa namba 62.

## Kuhesabu rekodi kwenye faili la Random kunafanyikaje?

Faili la Random lina rekodi zenye urefu mmoja, kwa hiyo gawanya LOF kwa urefu wa rekodi. Aina yenye `Jina As String * 30` na `Salio As Currency` ina baiti 38. Faili la baiti 3,800 lina rekodi 100. Tumia Len ya rekodi, usitumie LenB, kwa kuwa maandishi yanaandikwa kwenye diski kwa ANSI. Kukiwa na masalio baada ya kugawanya, faili limekatika au mtu amebadilisha muundo wa rekodi; simamisha kazi hapo hapo kabla hujaandika juu yake.

## Hifadhidata yangu ni ya Access (.mdb). Ukubwa wake una umuhimu gani?

Mkubwa sana, na hapa ndipo ningependa kila mtunzaji aweke ukaguzi leo. Faili la .mdb la Access 2000 hadi 2003 lina kikomo cha gigabaiti 2; la Access 97 ni gigabaiti 1. Likifika hapo, maandishi mapya hayaingii. Na kufuta rekodi hakupunguzi faili. Nafasi hairudi mpaka hifadhidata ibanwe kwa CompactDatabase, kazi inayotaka watumiaji wote wawe wametoka na diski iwe na nafasi ya faili la pili.

Kila programu inapowaka, linganisha UkubwaHalisi na 1,610,612,736, yaani gigabaiti moja na nusu, na umwonye msimamizi kwa Kiswahili kinachoeleweka:

```
If UkubwaHalisi(njia) > 1610612736 Then
    MsgBox "Hifadhidata inakaribia kujaa. Wasiliana na fundi wiki hii."
End If
```

Onyo la mapema linampa fundi muda wa kuchagua jioni ambayo ofisi imefungwa.

## Ukubwa ukiacha kubadilika, ina maana faili limemaliza kunakiliwa?

Hapana. Windows inaponakili faili inaweza kuutenga ukubwa wote mwanzoni, kisha ikajaza yaliyomo taratibu. Utaona namba kamili sekunde ya kwanza. Jaribu badala yake kulifungua kwa kulifunga wengine: `Open njia For Binary Access Read Lock Read Write As #f`. Anayenakili akiwa bado amelishikilia, utapata kosa namba 70 (ruhusa imekataliwa). Subiri kidogo, jaribu tena. Hakikisha tu kwanza kwamba faili lipo.

## Nawezaje kupata ukubwa wa folda nzima?

`fso.GetFolder(njia).Size` hujumlisha mafaili yote pamoja na yaliyo kwenye folda za ndani. Lakini folda moja tu usiyo na ruhusa nayo inaangusha hesabu yote kwa kosa namba 70. Kwa kazi ya kutegemewa, pita folda moja moja mwenyewe na uandike pembeni zile zilizokataa.

## Faili lililoko System32 linanipa ukubwa wa faili jingine. Inawezekanaje?

Programu za VB6 ni za biti 32. Kwenye Windows ya biti 64, zinapoomba C:\Windows\System32 hupelekwa C:\Windows\SysWOW64 bila kuambiwa. Jina ni lilelile, faili ni jingine. Kuanzia Windows Vista unaweza kuandika C:\Windows\Sysnative ukalifikia la biti 64.

## Je, haya yote yanafaa pia kwa Excel na kwa VB.NET?

Kwa VBA, lugha ya ndani ya Excel na Access, karibu yote. FileLen na LOF ni zilezile, na Long yake bado ni ya biti 32 hata kwenye Office ya biti 64. Ukichukua UkubwaHalisi, ongeza PtrSafe kwenye matangazo na ugeuze vigeu vinavyoshika anwani na mafaili kuwa LongPtr.

VB.NET ni jambo jingine. Long yake ina biti 64, FileInfo.Length inaitumia, na hata FileLen ya kule inarudisha Long hiyo mpya. Anayehamisha msimbo kutoka VB6 anapaswa kuangalia matangazo ya API (vitendaji vya Windows, kama GetFileSizeEx) kwa makini: pale palipoandikwa Long kwenye VB6, kule panatakiwa Integer, na Currency haipo tena, kwa hiyo GetFileSizeEx inapokea Long moja kwa moja bila kuzidisha kwa 10,000.